Aliyezibwa Hufunguliwa Njia

Mnamo mwaka 916, mwanahistoria na msafiri wa Baghdad, al-Masudi, alipanda chombo kutoka kisiwa cha Qanbalu katika pwani ya Zanji akarudi Oman. Alishasafiri bahari nyingi, na bado aliandika kwamba hakuna aliyoiona ya hatari kuliko hiyo yetu. Pamoja na mawimbi alikumbuka pia bidhaa. Pembe za ndovu wa nchi ya Zanji, alieleza, hupelekwa Oman, na kutoka huko huenda China na India. Wachina walizitaka kwa ajili ya machela ya wakuu wao. Wahindi walizichongea mipini ya majambia na panga, lakini sehemu kubwa ya pembe zilizofika India iliishia kuwa kete za sataranji na nardi.

Mtu huyohuyo, katika kitabu chake Muruj adh-Dhahab alichokiandika katika miaka ya 940, ndiye aliyetuachia mojawapo ya orodha za kwanza za sataranji zisizo za kawaida. Ipo ya miraba 8 kwa 8 tunayoijua. Ipo ndefu ya miraba 4 kwa 16, na pana ya 10 kwa 10 yenye kete za ziada. Ipo ya duara, iliyohusishwa na Warumi wa Bizanti, na duara nyingine ya wanafalaki yenye sayari 7 na buruji 12. Ya mwisho ilibuniwa wakati wa uhai wake: miraba 7 kwa 8, na kete zilizopewa majina ya viungo vya mwili. Miaka elfu moja na zaidi iliyopita, basi, watu walikwisha kuchoka na mchezo mmoja wa sataranji wakaanza kutunga mingine, na pembe za kuchongea kete zilikuwa zikitoka upande huu wa bahari.

Naanza na al-Masudi kwa makusudi. Michezo ya ajabu ya jamii ya sataranji inapotajwa leo, macho huelekea Japani na China, na ni haki, kwa kuwa utajiri wao ni mkubwa. Ila ukisimama Garissa ukaangalia kaskazini kuelekea nyanda za juu za Ethiopia, kisha kusini-mashariki kuelekea Lamu, na mwisho ukatazama chini, kwenye mchanga ulioukanyaga, utaona ukoo mwingine wa michezo usiopungukiwa na chochote. Jamii za eneo hili zilijiuliza maswali yaleyale waliyojiuliza Wajapani na Wachina: mchezo uanzeje, kete iliyoliwa iende wapi, na mtu aliyezibwa kila upande afanyiwe nini. Majibu yao ni ya kwao wenyewe. La Garissa, kwa maoni yangu, ndilo zuri kuliko yote, nami nitalifikia.

Tuanze mashariki ya mbali. Shogi ya kawaida ya Kijapani ina miraba 9 kwa 9 na kete 20 kwa kila mchezaji. Kete ukiila haitupwi. Unaiweka kando, na zamu yako ikifika unaweza kuirudisha ubaoni ikiwa askari wako. Nyuma ya shogi hiyo kuna ukoo mkubwa. Chu shogi ina miraba 12 kwa 12 na kete 46 kila upande, na simba wake anaweza kwenda mara mbili kwa zamu moja, akala hapa na pale. Taikyoku shogi ilipita kiasi kabisa: miraba 36 kwa 36 na kete 402 kila upande, jumla 804. Tori shogi, ya mwishoni mwa karne ya 18, ni ya ndege watupu. Kuna kipanga, korongo, tombo na mbayuwayu kwenye ubao mdogo wa 7 kwa 7, na huchezwa kwa kasi inayomshangaza aliyezoea sataranji ya kimataifa. Mwaka 2008 mchezaji wa kulipwa Madoka Kitao alitunga dobutsu shogi kwa ajili ya watoto: miraba 3 kwa 4 tu, na kila upande una simba, ndovu, twiga na kifaranga. Mtoto wa Bour-Algy, kilomita chache kutoka mjini Garissa, ambaye huwaona twiga wakipita nyuma ya manyatta, hahitaji kufafanuliwa kete hizo.

Wachina nao wana xiangqi. Kete zake hazikai ndani ya miraba. Hukaa kwenye makutano ya mistari, 9 kwa 10, na katikati ya ubao kuna mto. Ndovu haruhusiwi kuuvuka. Mzinga huenda kama ngome, lakini ili ule lazima uruke juu ya kete moja iliyosimama katikati. Ndugu za mchezo huo ni wengi. Mwanahistoria Sima Guang, aliyeishi kati ya 1019 na 1086, anahusishwa na mchezo wa falme saba uliochezwa na watu wengi kwa pamoja. Wakati wa mapumziko watu hucheza banqi, ambayo hutumia nusu ya ubao: kete zote 32 hufunikwa kwenye miraba 4 kwa 8, na mchezaji hufunua moja moja bila kujua atakutana na nani.

Huo mto wa xiangqi unanigusa kwa sababu nyingine. Tana unaopita kando ya Garissa ulifanywa na utawala wa kikoloni kuwa mpaka wa kuwazuia wafugaji wa Kisomali wasihamie magharibi. Ng'ambo ya pili palikuwa na malisho na maji, na walioyahitaji walikatazwa kuvuka. Mchina aliyemnyima ndovu ruhusa ya kuvuka mto alikuwa akitunga kanuni ya mchezo. Hapa kanuni kama hiyo iliandikiwa watu na ng'ombe wao.

Sasa kaskazini. Sataranji ilifika Ethiopia zamani, ikageuka kuwa senterej. Katika miaka ya 1520 mfalme Lebna Dengel alisemekana kucheza na mchoraji wa Venisi aliyekuwa akiishi katika baraza lake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza Henry Salt alimkuta Ras Wolde Selassie wa Tigray akiupenda mchezo huo kupita kiasi. Mwaka 1971 mwanahistoria Richard Pankhurst alikusanya kanuni zake, na bahati ni kwamba alifanya hivyo, kwa sababu kufikia wakati huo sataranji ya kimataifa ilishachukua nafasi yake karibu kila mahali.

Ubao wa senterej mara nyingi ulikuwa kitambaa chekundu chenye mistari ya buluu, bila miraba myeupe na myeusi. Hilo ni pambo tu. La ajabu ni mwanzo wa mchezo, unaoitwa werera. Hakuna zamu. Wachezaji wawili husogeza kete zao kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa mwendo wake, mara nyingi apendavyo, huku jicho moja likiwa kwenye mikono ya mwenzake. Ukiona anajenga ngome kushoto, unahamisha farasi kabla hajamaliza. Akiona umehamisha, anabadilisha. Hali huendelea hivyo hadi kete ya kwanza iliwe, na hapo ndipo zamu zinapoanza. Sijui mchezo mwingine wa ukoo huu unaofanana na vita namna hii, kwa kuwa majeshi mawili yanayojipanga bondeni hayapeani zamu. Mwisho wake pia una adabu zake. Kumfunga mfalme kwa ngome peke yake kulionekana ushindi wa mtu mvivu, na kumfunga kwa askari wa miguu, kete dhaifu kuliko zote, ndiko kulikosifiwa. Mchezaji akibakiwa na mfalme na kete moja tu, mwenzake hupewa hatua 7 za kumaliza kazi, asipoweza mchezo ni sare. Watazamaji waliruhusiwa kusema, kushauri na kudhihaki. Huko hakukuwa na kimya cha mashindano ya kisasa.

Pwani jibu lilikuwa bao. Mbegu za ukoo huu wa michezo ya mashimo ni za kale sana upande wetu wa dunia: vipande vya ubao wa mchezo na mashimo yaliyochongwa mwambani vimepatikana Matara na Yeha, katika nchi ya Aksum, na huhesabiwa kuwa vya karne ya 6 na ya 7. Kenya ina mashimo kama hayo kwenye miamba ya Hyrax Hill karibu na Nakuru, na mwaka 2024 mwanaakiolojia Veronica Waweru alitangaza safu za mashimo ya namna hiyo ndani ya hifadhi ya Lewa, huko ambako barabara ya kaskazini inaanza kushuka kuelekea Isiolo. Waluo wana ajua, Wagikuyu giuthi, Wamasai enkeshui, Waganda omweso, Wanyarwanda igisoro. Hata Oman, alikoshukia al-Masudi, watu hucheza hawalis kwenye safu 4 za mashimo 7, mara nyingi yaliyofukuliwa mchangani tu. Wasomali wana layli goobalay ya safu mbili za mashimo 6.

Bao la Kiswahili ndilo gumu kuliko yote haya, na si sifa ya upendeleo. Kuna mashimo 32, kete 64, nusu kwa nusu. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, 6 kati yake zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 zikiwa mkononi. Katika awamu ya kunamua unaweka kete moja kila zamu kutoka mkononi. Ukila, kete za mwenzako unazichukua na kuzisambaza upande wako kuanzia kichwa, yaani shimo la ukingoni, nazo zinakupigania. Mjapani wa shogi angelielewa hilo mara moja: akiba ya mkononi, na mateka wanaogeuka kuwa wako. Jamii mbili zilizotenganishwa na bahari nzima zilikataa jambo lilelile, kwamba anayeshindwa lazima aondoke mchezoni. Sidai kwamba mmoja alimfundisha mwingine. Tena usidanganywe na namba: banqi na bao zote ni 4 kwa 8, na hiyo ni sadfa tupu. Ila kufanana kwa fikra kunastahili kutazamwa kuliko kufanana kwa namba, na ndiko kunakonifanya nimshauri kila mchezaji wa bao wa Lamu ajaribu shogi kabla ya sataranji. Atajiona amefika kwao.

Na Garissa? Hapa mchezo ni shax. Huandikwa hivyo kwa Kisomali, na x ni h nzito ya kooni, kwa hiyo Waswahili wa mjini husema tu shah.

Saa za alasiri, swala ikishaisha na bei za ng'ombe zikishatulia katika soko la mifugo, pembeni mwa mji utawaona wazee wawili wamechuchumaa kivulini. Mmoja amechora kwa kidole miraba mitatu mchangani, mmoja ndani ya mwenzake, kisha akaiunganisha katikati ya kila upande kwa mstari mfupi. Pembe hazikuunganishwa. Makutano ni 24. Mmoja ameokota vijiwe 12, mwenzake amevunja kijiti vipande 12. Wanaweka kimoja kimoja kwa zamu, na kila mmoja anatafuta jare, yaani kete zake tatu kwenye mstari mmoja, huku akimzuia mwenzake asiipate.

Ulaya mchezo wa miraba mitatu huchezwa kwa kete 9 kila upande, na nafasi hubaki. China wana ndugu yake, Afrika Kusini wana morabaraba ya kete 12 yenye mistari ya pembeni, na ukipanga kete tatu mstarini wakati wa kuweka, unaondoa ya mwenzako papo hapo. Shax haifanyi hivyo. Jare iliyopatikana wakati wa kupanga haili chochote. Inakumbukwa tu, na wote wanaendelea kuweka mpaka mahali pote pajae: kete 24 kwenye makutano 24, hakuna pa kusogea hata kidogo.

Hapo wazee husimama kidogo, na watazamaji husogea, kwa kuwa kazi ya kweli sasa ndiyo inaanza. Aliyetangulia kupata jare anaondoa kete moja ya mwenzake. Mwenzake naye anaondoa moja. Nafasi mbili zimefunguka katika ubao uliojaa, na kila hatua ya saa nzima ijayo itatokana na uchaguzi wa nafasi hizo mbili. Fundi wa shax huwa ameshaamua kete atakayoiondoa tangu kete ya tano au ya sita iwekwe. "Adeer, umemfungulia mlango!" kijana mmoja anapaza sauti nyuma, akimwita mzee ami kwa Kisomali, na mzee hageuki. Aliufungua akijua. Mwenzake akiingia pale, ataacha mstari wa ndani wazi, na kijiwe kimoja kitaanza kwenda na kurudi kati ya jare mbili, kikila kete kila kinaporudi. Anayebakiwa na kete mbili ameshindwa.

Sasa nifike kwenye lile jibu. Katika ubao uliobanana hivi, mara kwa mara mchezaji mmoja huzibwa kabisa, kete zake zote hazina pa kwenda. Sataranji ya kimataifa husema hiyo ni sare. Xiangqi husema aliyezibwa ameshindwa. Bao nalo, ukikosa cha kucheza, umefungwa. Waingereza wa karne ya 17 na 18 walikuwa na kanuni yao ya kipekee: aliyemziba mwenzake namna hiyo ndiye aliyehesabiwa ameshindwa, kwa kosa la kumnyima nafasi. Shax haitoi ushindi wala sare. Aliyemziba mwenzake analazimika kucheza tena mwenyewe na kumfungulia njia, na kama katika kufungua huko atapata jare, jare hiyo haili kitu. Mchezo unaendelea. Watu walioutunga waliishi kwenye nchi ya visima vichache, ambako kumziba jirani asifike majini ni kuanzisha vita visivyoisha, na kanuni yao inamlazimisha mwenye nguvu asogee. Huo ni usomaji wangu, lakini kila nikiitazama kanuni hiyo siwezi kuusoma vinginevyo.

Mbona basi Mkenya wa Nairobi anaijua ajua na bao, na shax hajaisikia? Jibu ni la kisiasa. Sheria za kikoloni za 1902, 1926 na 1934 ziliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, Garissa ikiwamo, kuwa eneo lililofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya uhuru vikafuata vita vya shifta, na hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa hadi 1991. Vizazi vitatu vya Wakenya wa kusini viliijua Garissa kwa habari za vizuizi, misako na mauaji. Kitabu cha shule kilipotaja michezo ya jadi, mwandishi wake hakuwa amewahi kukaa kivulini na wazee wa huku. Kisha 1991 na 1992 zikaja kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, na mkoa ukawa habari ya wakimbizi. Mchezo wenyewe haukuhitaji mzigo wala kibali. Ubao wake ni ardhi, na ardhi ya kuchorea ipo popote mtu alipofukuziwa.

Walioandika juu yake ni wachache. G. Marin alichapisha maelezo ya michezo ya Wasomali London mwaka 1931, katika jarida la Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia. Mwaka 2000 mwanahisabati Jama Musse Jama, ambaye baadaye alianzisha maonyesho ya vitabu ya Hargeysa, alitoa kitabu kizima cha shax na michezo mingine ya wachunga ngamia, akakifuatisha na kingine kuhusu layli goobalay. Anapoiona hisabati katika mchezo wa wachungaji anatenda haki iliyocheleweshwa sana. Kwa Kiswahili bado hatuna hata kijitabu kimoja kinachotosha, na hilo linaniuma, kwa sababu Kiswahili ndicho Msomali, Mmalakote, Mkamba na Mmeru wa mjini Garissa wanachozungumza wanaponunuliana na kuuziana.

Wapo watakaouliza kuhusu dini, na swali ni la haki. Wengi wa Waislamu wa hapa na wa pwani wanafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambaye hakuifanya sataranji haramu moja kwa moja, bali aliiwekea masharti: isiwe kamari, isimsahaulishe mtu swala, isimfungulie mdomo kwa matusi. Wazee wa shax huyajua masharti hayo bila kuyasoma. Adhana ya magharibi ikilia, kete hubaki mchangani na watu huinuka.

Kakuma, upande wa pili wa kaskazini, Shirikisho la Kimataifa la Sataranji na UNHCR walianzisha mafunzo ya sataranji kambini mwaka 2021. Ni jambo jema, na ningependa Dadaab ipate kama hilo, ila kwa sharti moja: mwalimu anayekuja na mbao za plastiki akae kwanza na wazee wajuzi wa shax, ajifunze wanachojua, kisha afundishe vyote viwili. Mtoto anayeweza kukumbuka kete 24 na kupanga nafasi mbili za kufungua hana cha kuogopa katika sataranji yoyote ya Tokyo au Beijing.

Kwa anayetaka kuonja ukoo huu wote, gharama ni ndogo. Dobutsu shogi huchorwa kwenye boksi la maziwa, na watoto wa miaka mitano huielewa kwa mchana mmoja. Banqi inahitaji seti moja ya kete za Kichina na meza yoyote. Shax inahitaji kidole na mchanga, pamoja na mzee wa kukusahihisha. Senterej huchezwa na kete za kawaida za sataranji. Kumbuka kwamba malkia wa senterej husogea mraba mmoja mmoja kwa upande wa pembe, na kwamba mpaka kete ya kwanza iliwe huna sababu ya kusubiri zamu.